Swali kabla ya jibu: kisa cha huduma iliyowaunganisha wataalamu wa kilimo na makundi ya wakulima wa nyanya

Usuli

Timu ndogo iliyofanyia kazi nyanda za juu kusini mwa Tanzania ilitaka kujenga huduma ya kidijiti ya kuwaunganisha wataalamu wa mboga na wakulima wa nyanya wanaokutana mtandaoni. Majina ya watu, ya makundi, ya taasisi na ya wilaya yameondolewa, pamoja na mambo machache ambayo yangemfanya mhusika ajulikane.

Wakulima hawa walikuwa na mahali pao tayari, kwenye makundi ya WhatsApp, kila kundi likiwa na mwenyewe. Mengine yalikuwa makubwa kiasi cha kufika ukomo wa wanachama, na admini akalazimika kufungua la pili na la tatu. Asubuhi kundi ni la bei za sokoni. Mchana ni matangazo ya mbegu, tenga na usafiri. Jioni watu wakisharudi kutoka shambani, picha za majani zinaanza kumiminika. Swali lenyewe huwa picha moja na sentensi moja: "Wakuu, hii ni nini na nipige dawa gani?" Muda si mrefu majibu yanashuka, na hayafanani. Mmoja anataja dawa ya ukungu, mwingine ya wadudu, wa tatu anasema ni mbolea, na mwenye duka la pembejeo anatuma picha ya chupa na namba ya kulipia.

Hili si jambo dogo. Mkulima anayefuata jibu lisilo sahihi analipa mara tatu. Ananunua dawa isiyohitajika, anaivuta mwenyewe wakati wa kupiga, na anapoteza siku ambazo ugonjwa unaenea. Kwa kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyegundulika nchini mwaka 2014, kupiga dawa ileile msimu mzima kunamzoesha mdudu mpaka dawa inamgusa kama maji.

Upande wa pili walikuwepo watu wenye ujuzi: maafisa ugani waliostaafu, watafiti, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, na wakulima wakongwe ambao jicho lao halihitaji cheti. Karibu wote walikuwa tayari kusaidia. Kwa hiyo timu iliamini kwamba kazi iliyobaki ni kujenga daraja tu.

Jaribio la kwanza: programu ya simu

Daraja la kwanza lilikuwa programu ya simu. Mkulima angeipakua, ajisajili kwa namba yake, achague mtaalamu kwenye orodha yenye picha, shahada na miaka ya kazi, kisha atume swali na kujibiwa faragha. Uamuzi huu ulikuwa na sababu zake. Ndani ya programu yao timu ingepanga maswali vizuri, ingetunza kumbukumbu, na haingetegemea kanuni za kampuni nyingine.

Wakulima waliipakua wakati wa uzinduzi, wakauliza swali moja kama kuijaribu, kisha wakarudi kwenye makundi yao. Timu ilipowafuata na kuwauliza, sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Bando la bei nafuu wanalonunua wengi ni la WhatsApp peke yake, na programu nyingine inakula bando la jumla. Simu yenye nafasi ndogo inamlazimisha mtu achague kati ya programu mpya na picha za watoto wake.

Sababu ya tatu ilikuwa nzito kuliko hizo mbili. Mkulima akiuliza ndani ya kundi, wengine wenye tatizo lilelile wanasikia jibu, na yeye anapata watu wa kulipima. Jirani atasema dawa hiyo aliitumia mwaka jana na haikumsaidia. Programu ilikuwa imechukua mazungumzo ya baraza na kuyafungia chumbani. Hata jibu likiwa sahihi, lilikuwa halina shahidi.

Orodha ya wataalamu nayo ilikuwa na kasoro. Ilipangwa kwa shahada, ilhali mkulima akimtazama mtaalamu anataka kujua kama mtu huyu ameotesha nyanya, wapi, na kwa maji gani. Mtafiti mwenye shahada ya juu aliyefanya kazi yake kwenye kitalu nyumba alipewa maswali ya mashamba ya mfereji, na majibu yake, ingawa yalikuwa ya kitaalamu, yalitaja vifaa ambavyo muulizaji hajawahi kuviona.

Jaribio la pili: mtaalamu ndani ya kundi

Timu iliiacha programu na kufanya kinyume chake. Iliwapeleka wataalamu moja kwa moja kwenye makundi. Kwenye makundi mawili ilibisha hodi kwa admini kwanza, ikaeleza nia na kuomba ridhaa. Kwenye la tatu mwanachama mmoja aliwaingiza kwa kiungo tu. Admini wa kundi hilo aliwatoa siku ya pili, na alikuwa na haki. Mtu amelea kundi kwa miaka, anatatua ugomvi na kufukuza matapeli, halafu anakuta wageni wamekaa sebuleni wanatoa mafundisho.

Kwenye makundi mawili yaliyobaki mambo yalianza vizuri, ila palepale palipokuwa na uzuri ndipo palipoharibikia. Mtaalamu akijibu swali moja kwa uhakika, jina lake linatajwa kwenye kila swali linalofuata. Baada ya siku chache watu wanachukua namba yake na kumfuata inboksi. Wanapiga simu alfajiri, wanatuma picha usiku wa manane, na asipojibu wanaona amejidai. Mmoja aliondoka kimyakimya mwezi wa kwanza. Mwingine alibaki lakini akaacha kujibu, na hilo lina madhara zaidi, maana kundi linaendelea kumsubiri.

Wataalamu wawili walipotofautiana mbele ya watu, kila mmoja alitetea jibu lake. Kitaalamu tofauti ile ilikuwa halali, kwani picha ilikuwa mbaya na ugonjwa ungeweza kuwa mmoja kati ya miwili. Wakulima wengi hawakuiona hivyo. Waliona wasomi wanagombana, na muuza dawa aliyesema kwa kujiamini akaonekana ndiye anayejua.

Mche kwenye glasi

Tukio lililobadilisha muundo wote linastahili kuelezwa kwa kina. Mkulima alituma picha ya mche wa nyanya ulionyauka, pamoja na sentensi moja kwamba nyanya zinakauka na anaomba dawa. Picha ilipigwa kwa karibu: majani yamelegea, shina halionekani, ardhi haionekani. Mtaalamu mzuri, akiwa safarini, alijibu ndani ya dakika chache kwamba ni mnyauko fuzari, unaoletwa na ukungu, akaelekeza dawa ya ukungu ya kumwagia shinani na kupunguza maji.

Siku kadhaa baadaye mkulima alirudi. Mstari mzima ulikuwa umelala na mstari wa jirani ulikuwa umeanza. Safari hii mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliuliza badala ya kujibu. Majani yaliponyauka yalikuwa bado kijani, au yalianza kuwa manjano kutoka chini? Miche ilianguka ghafla, ndani ya siku moja mbili, au polepole? Maji yanapitaje shambani? Pale palikuwa na nini msimu uliopita?

Majibu yalikuja moja moja. Majani yalikuwa kijani. Mche ulikuwa mzima asubuhi na mchana umelegea. Maji ni ya mfereji, yanapita mstari hadi mstari. Msimu uliopita palikuwa na viazi mviringo. Hapo mtaalamu akampa kipimo ambacho kila mkulima anaweza kukifanya jikoni kwake. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, chenye urefu wa kidole. Jaza maji safi kwenye glasi inayoonyesha ndani. Shikilia kipande wima, ncha iliyokatwa ikiwa imezama kidogo tu ndani ya maji, na usitikise. Subiri dakika chache. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa kutoka kwenye mkato, hizo ni bakteria. Maji yakibaki safi na mkato ukawa na rangi ya kahawia kwenye mishipa, mashaka yanarudi kwa fuzari.

Mkulima alituma video. Nyuzi zilikuwa zinashuka kama moshi.

Mnyauko bakteria hauna dawa ya kupuliza wala ya kumwagia itakayouponya mche. Kazi ni kuzuia: kung'oa miche iliyougua pamoja na udongo wa mizizi na kuitoa shambani, kufunga mfereji usipeleke maji ya mstari uliougua kwenye mistari mizima, kusafisha jembe na viatu, na msimu unaofuata kutopanda nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili mahali hapo, bali mahindi au nafaka nyingine. Fedha ya dawa ya ukungu ilikuwa imepotea bure. Siku zilizopotea ziliuma zaidi, kwa sababu mfereji uliendelea kusambaza ugonjwa wakati mkulima akisubiri dawa ifanye kazi.

Timu ilipokaa kulijadili tukio hili, wa kwanza kulaumiwa alikuwa mtaalamu aliyejibu haraka. Lakini ukilitazama swali alilopewa, hakuna mtaalamu duniani ambaye angelijibu vizuri. Yule wa pili hakumzidi ujuzi wa ajabu. Alikataa kujibu kabla ya kupata swali kamili. Tangu siku hiyo timu iliacha kuuliza itapataje wataalamu zaidi, ikaanza kuuliza swali litamfikiaje mtaalamu likiwa limeiva.

Jaribio la tatu: dawati la maswali

Muundo mpya ulikuwa na watu wa aina tatu. Mkulima anabaki kwenye kundi lake. Mtaalamu anabaki nje ya kundi. Katikati kuna mshika swali, kijana aliyesomea kilimo ngazi ya cheti au stashahada, ambaye yumo kundini kwa ridhaa ya admini na anajulikana kwa jina. Kazi yake si kutoa jibu, ni kuliivisha swali.

Swali linapoingia kundini, mshika swali anamwomba mkulima afungue mazungumzo na namba ya huduma kwa kubonyeza kiungo. Hapo anaulizwa mambo manane, moja moja, kwa lugha ya kawaida, na majibu yake yanakusanywa kwenye kadi moja:

1. Aina ya mbegu, na siku ngapi tangu miche ihamishiwe shambani.
2. Picha tatu: shamba kutoka hatua kumi, mche mmoja mzima kuanzia ardhini, na sehemu iliyougua kwa karibu, majani yakipigwa juu na chini.
3. Tatizo limeanza lini, na limeenea vipi: mche mmoja mmoja, kwa mabaka, kwa kufuata mstari wa maji, au shamba zima.
4. Maji yanatoka wapi na yanafikaje kwenye mche.
5. Dawa na mbolea zote za siku 14 zilizopita, kwa picha ya lebo, si kwa jina.
6. Palikuwa na zao gani msimu uliopita.
7. Nyanya zinatarajiwa kuvunwa lini.
8. Kata na wilaya, basi. Mahali hasa pa shamba hapaulizwi.

Kila swali hapa lina jibu linaloweza kubadilisha ushauri. Timu ilikuwa na orodha ndefu zaidi mwanzoni, yenye ukubwa wa shamba, umri na elimu ya mkulima, kwa kuwa wafadhili wanapenda takwimu za aina hiyo. Yote yaliondolewa. Swali ambalo jibu lake halibadilishi ushauri halina nafasi kwenye kadi, kwa sababu kila swali la ziada linamwacha mkulima mwingine njiani.

Picha zilihitaji mafunzo yake. WhatsApp hubana picha, na kioo cha kamera kikiwa na vumbi la shamba doa la ukungu linageuka wingu. Maelekezo yalifupishwa mpaka yakawa haya: futa kioo kwa nguo safi, piga asubuhi jua halijakuwa kali, weka sarafu karibu na jani ili ukubwa wa doa uonekane. Sarafu hiyo ilisaidia kuliko timu ilivyotegemea. Madoa ya bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani, yana miduara ndani ya miduara kama shabaha, na bila kipimo cha ukubwa picha nyingi zilikuwa zinafanana.

Mtaalamu analipokea swali likiwa kadi moja. Jibu lake lina mistari minne isiyobadilika. Wa kwanza ni tatizo na kiwango cha uhakika, na maneno ni matatu tu: hakika, huenda, au picha haitoshi. Wa pili ni la kufanya leo, wa tatu ni la kutofanya, na wa nne ni dalili ya kuangalia na baada ya siku ngapi. Anaweza kuongeza voisi isiyozidi dakika moja na nusu, na wakulima waliipenda kwa kuwa sauti ya mtu inajenga imani. Maandishi yalibaki lazima kwa sababu voisi haitafutiki, na baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka ipo wapi. Ushauri wa kung'oa miche, au wa dawa yenye sumu kali, unahitaji mtaalamu wa pili akubali kabla haujatoka.

Kisha jibu linarudi kundini, chini ya swali lake, likiwa na jina la mtaalamu na eneo alilofanyia kazi. Hatua hii ndiyo iliyorudisha baraza. Watu wanalisoma, wanalipinga na kuongeza yao. Pingamizi zenye maana mshika swali anamrudishia mtaalamu.

Muda ulipangwa kwa sababu ya kiufundi. Jukwaa rasmi la WhatsApp la biashara humpa mtoa huduma saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mteja kumwandikia kwa uhuru. Zikipita, analazimika kutumia kiolezo cha ujumbe kilichoidhinishwa kabla. Kwa hiyo ahadi kwa mkulima ilikuwa jibu ndani ya saa 20, zikibaki saa nne za kurekebisha. Wakati ule jukwaa hilo halikuruhusu roboti kuingia kwenye makundi, na zana zisizo rasmi zinazodai kufanya hivyo huhatarisha namba kufungiwa. Mtu alikaa ndani ya kundi mwanzoni kwa sababu hiyo tu. Baadaye ilionekana kwamba hata kama roboti ingeruhusiwa, mtu angebaki.

Malipo, majina na wauza dawa

Kulikuwa na mjadala mrefu kuhusu kumlipa mtaalamu kwa kila jibu. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: kazi ipimwe, ilipwe. Ilikataliwa kwa sababu mtu anayelipwa kwa jibu anachagua maswali mepesi, anajibu mbio, na neno "picha haitoshi" linamkosesha riziki. Mtaalamu alilipwa kwa zamu. Zamu ni jioni moja, yenye kadi zisizozidi 12, na malipo ni yaleyale ziwe kadi kumi au mbili. Kusema hujui kukawa hakuna gharama.

Mfano wa nje ulizungumziwa. Google Answers, iliyoanza mwaka 2002, ilimfanya muulizaji ataje bei mwenyewe kati ya dola 2 na dola 200, na mtafiti akachukua robo tatu. Majibu mengi yalikuwa ya hali ya juu sana, lakini huduma iliacha kupokea maswali mwishoni mwa 2006. Funzo ambalo timu ililichukua si kwamba kulipia jibu kunashindwa daima. Ni kwamba swali linapokuwa na bei, watu wachache ndio wanaouliza, na wakulima wenye hasara kubwa mara nyingi ndio wasio na fedha siku hiyo.

Suala la wauza dawa lilikuwa gumu zaidi. Kwenye kundi moja admini mwenyewe alikuwa na duka la pembejeo. Kumwondoa kungeua kundi, na kumwacha ashauri kungeua huduma. Makubaliano yalikuwa kwamba majibu ya wataalamu yanataja kiambato cha dawa, si jina la kibiashara, pamoja na namba ya kundi la utendaji, yaani namna dawa inavyofanya kazi, iliyo kwenye lebo, ili mkulima ajue kwamba chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa dawa moja. Jibu likishatoka, mwenye duka yuko huru kusema anayo. Kila mtaalamu aliandika kama ana uhusiano na kampuni ya pembejeo, na mwenye uhusiano hakupewa kadi za dawa. Dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu haikutajwa kabisa, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziliandikwa kila mara. Swali la saba kwenye kadi lilikuwepo kwa ajili hiyo.

Namba ya mkulima haikumfikia mtaalamu, wala ya mtaalamu haikumfikia mkulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa na matumizi yenye mpaka, lakini hata bila sheria, uzoefu wa simu za alfajiri ulikuwa umetosha kuamua hivyo.

Matokeo

Wataalamu walibaki. Hakuna aliyeondoka kwa sababu ya kuchoka baada ya zamu kuanza, na wawili waliokuwa wameacha walirudi. Maswali mengi yalionekana kuwa yaleyale machache: kantangaze, bakajani chelewa wakati wa mvua na baridi, kuoza kitako cha tunda, minyauko. Timu ikaandika majibu ya kudumu ili kadi mpya tu ndizo zimfikie mtaalamu.

Hapo pakazaliwa kosa jipya. Mshika swali aliona jani lenye njia za mdudu akabandika jibu la kantangaze, kumbe alikuwa funza mchora majani wa kawaida. Njia zake ni nyembamba na zimejikunja kama nyoka, wakati za kantangaze hupanuka zikawa mabaka mapana yenye ngozi ya jani tu iliyobaki. Mkulima alipiga dawa ya bei kubwa kwa mdudu ambaye mara nyingi anadhibitiwa na maadui zake wa asili. Tangu hapo jibu la kudumu halikutoka bila mtaalamu wa zamu kulipitia kwa jicho, hata kwa sekunde chache.

Kundi la tatu, lile lililowafukuza, halikurudi. Timu ilimwomba radhi admini, naye akawapokea kwa adabu lakini hakufungua mlango.

Uchambuzi

Lililofanya kazi kuliko yote ni kadi, na ndani ya kadi, maswali ya maji na zao lililopita. Ni habari zisizoonekana kwenye picha hata ikiwa nzuri namna gani. Wabunifu wengi wa huduma za aina hii hutumia nguvu zao kwenye wasifu wa mtaalamu, nyota za kumpima na mfumo wa kumtafuta. Kwenye kisa hiki mkulima hakuhitaji kumchagua mtaalamu. Alihitaji mtu wa kumsaidia kusema anachokiona. Neno "ukungu" peke yake lilikuwa likimaanisha, kutegemea kata, doa lolote, unga mweupe juu ya jani, au mnyauko wowote. Timu ilitengeneza faharasa ya picha badala ya kuwasahihisha watu maneno yao, na huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Kulirudisha jibu kundini kulifanya kazi kwa sababu kuliheshimu utaratibu uliokuwepo. Kungeweza pia kuleta madhara. Mtu mwenye tatizo linalofanana kwa mbali anachukua jibu la mwenzake na kwenda dukani. Mstari wa tatu, wa kutofanya, ulipunguza hatari hiyo pale ulipoandikwa vizuri: usitumie ushauri huu kama majani yako yalianza kuwa manjano kabla ya kunyauka. Ulipoachwa mtupu, na wataalamu wenye haraka waliuacha mara nyingi, makosa yalisambaa pamoja na jibu. Mfumo ulipaswa kukataa kadi isiyo na mstari huo tangu siku ya kwanza.

Lililoshindwa na bado halijapatiwa dawa ni uzito ulioangukia kwa mshika swali. Simu za alfajiri ziliondoka kwa mtaalamu zikahamia kwake. Anajulikana kundini, ni mdogo kwa umri, na wazee wanamwita mwanangu na kumtaka ajibu mwenyewe. Zamu ya mtaalamu ina mwisho, ya kwake haikuwa nao. Msimu wa mvua kadi zilimzidi, na kiangazi hakukuwa na kazi ya kutosha ya kumlipa mwezi mzima. Kuwaajiri wawili wanaopokezana kwa wiki, na kuwaongezea mazao ya kiangazi, ndiyo njia iliyokuwa ikijaribiwa kisa hiki kilipoandikwa.

Ufuatiliaji nao ulichelewa mno. Ujumbe wa siku ya saba, wenye majibu matatu ya kubonyeza (imepona, vilevile, imezidi), uliongezwa baada ya miezi mingi. Kabla ya hapo timu ilihesabu majibu yaliyotolewa na kudhani inahesabu msaada. Mkulima wa mche kwenye glasi alirudi mwenyewe. Wangapi hawakurudi haijulikani, na hilo ndilo pengo kubwa la kazi nzima.

Ujumbe huo wa siku ya saba ulifichua jambo ambalo kadi ilikuwa imelikosa. Wengi waliobonyeza "imezidi" walikuwa wamefuata ushauri wa aina mbili kwa pamoja, wa mtaalamu na wa jirani au duka, kwa sababu walipouliza walikuwa tayari wameshaambiwa kitu na wameshakinunua. Chupa ikiwa nyumbani imeshalipiwa, si rahisi mtu aiache. Kadi ikapata swali la tisa, na likawekwa juu kabisa, kabla ya picha na kabla ya mbegu: umeshaambiwa nini, na umeshanunua nini?